Boksi la mafaili: limekufa kwako, au limekufa kwa wote?

Jumatatu, saa mbili asubuhi, simu inaita. Ni kijana wa studio moja ya picha za harusi pale Sinza, Dar es Salaam, studio ninayoihudumia.

"Shikamoo fundi. Boksi limekufa."

"Marahaba. Limekufa kwako, au limekufa kwa wote?"

Kimya kidogo. Namsikia akiwauliza wenzake. "Mhariri wa video anaendelea na kazi. Ni mimi na dada wa mapokezi ndio hatulioni."

Basi halijafa. Swali hilo moja limeniokoa safari nyingi za bure, na ndilo linaloongoza maelezo yote yaliyo hapa chini. Kabla hujazima kitu, kabla hujachomoa kitu, uliza nani mwingine haoni.

Kwa asiyelifahamu: NAS, ambayo pale studio wanaiita tu "boksi", ni kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi. Ndani ina diski mbili au zaidi, prosesa ya wastani, na mfumo endeshi ambao mara nyingi ni Linux. Inachomekwa kwenye rauta au swichi (kisanduku chenye matundu kinachogawa mtandao kwa nyaya) kwa waya wa mtandao, na kila mwenye ruhusa anafungua folda zilezile. Tofauti yake na diski ya USB ni kwamba kompyuta yako haiigusi diski yenyewe. Kompyuta inaomba tu: nipe faili fulani. Boksi linauliza wewe ni nani, linaangalia ruhusa zako, ndipo linasoma faili na kukutumia. Maombi hayo, kwa Windows, kwa Mac na kwa simu nyingi, hufanywa kwa lugha iitwayo SMB inayopita mlango namba 445. Watu wa Linux wana NFS yao. Upande wa boksi, SMB kwa kawaida huzungumzwa na programu ya Samba, aliyoianzisha Andrew Tridgell wa Australia mwanzoni mwa miaka ya 1990.

Kwa hiyo kati ya kidole chako na picha ya bibi harusi kuna umeme, waya, anwani, jina, utambulisho, ruhusa, halafu diski. Kasoro inaweza kukaa popote hapo. Wengi huanzia mwisho, wakachomoa diski. Mimi huanzia ukutani na kuingia ndani taratibu, na diski ndiyo mtuhumiwa wangu wa mwisho.

"Hakuna hata mmoja anayeliona"

Angalia taa. Hakuna taa kabisa: ni umeme, adapta, au boksi halikujiwasha. Maboksi mengi yana mpangilio wa kujiwasha umeme unaporudi, na kwenye baadhi yao mpangilio huo huwa umezimwa tangu kiwandani. Umeme ukikatika usiku na kurudi alfajiri, kila kitu ofisini kinaamka isipokuwa boksi. Mtu akibonyeza kitufe cha kuwasha, tatizo limeisha, na wewe ingia kwenye mipangilio ya umeme ukaurekebishe.

Taa zinawaka lakini halionekani: fungua dirisha la amri (Command Prompt) kwenye Windows, andika ping ikifuatiwa na anwani ya boksi, yaani namba yake kwenye mtandao, mfano ping 192.168.1.50. Likijibu, umeme, waya na anwani ni vizima; ruka sehemu hii uende mbele. Lisipojibu, tazama kataa kadogo pale waya unapoingia nyuma ya boksi. Kamezimika? Badilisha tundu kwenye swichi, kisha badilisha waya. Kanawaka na kupepesa? Basi tunatafuta anwani.

Hapa ndipo matatizo mengi ya "wote hatuoni" yalipo. Rauta hugawa anwani kama benki inavyogawa namba za foleni. Leo umepewa 50, kesho ukirudi unaweza kupewa 37. Boksi likikaa miezi sita bila kuzimwa, linabaki na namba yake, na watu wote wanatengeneza njia za mkato kwa namba hiyo. Umeme ukikatika, rauta na boksi vinaamka pamoja, rauta imesahau ilimpa nani nini, na simu ya mgeni inachukua namba ya boksi. Boksi liko zima kabisa, ila limehama.

Kulitafuta ni rahisi. Ingia kwenye ukurasa wa rauta, fungua orodha ya vifaa vilivyounganishwa, ulinganishe na anwani ya MAC (utambulisho wa kudumu wa kifaa) iliyobandikwa nyuma au chini ya boksi. Ukilipata, mwambie rauta alihifadhie boksi namba moja ya kudumu; karibu kila rauta ina sehemu hiyo kwenye mipangilio ya DHCP, huduma inayogawa anwani. Ni bora kuliko kuandika anwani kwa mkono ndani ya boksi lenyewe. Ukiandika kwa mkono namba iliyo ndani ya fungu ambalo rauta inaligawa, siku moja rauta itaigawa kwa kifaa kingine, na utapata ugonjwa mbaya zaidi: boksi linaonekana, linapotea, linaonekana tena. Vifaa viwili vinagombania namba moja.

Na ukikuta anwani inayoanza na 169.254, maana yake boksi, au kompyuta yako, iliomba namba na hakuna aliyejibu, ikajitungia yake. Rauta haikuwa tayari, au waya haufiki kwake. Zima na uwashe boksi baada ya rauta kutulia.

Kuna kesi moja inayowachanganya hata mafundi. Ofisi imebadilisha kampuni ya intaneti, ikaletwa rauta mpya. Ya zamani ilikuwa 192.168.1.1, mpya ni 192.168.8.1. Intaneti inapaa, kila mtu anafurahi, ila boksi halipo. Boksi liliandikiwa 192.168.1.50 kwa mkono miaka mitatu iliyopita na fundi ambaye hapatikani tena kwa simu, na bado linasubiri kwenye mtaa wa zamani. Usilirudishe kwenye hali ya kiwandani! Chukua laptopu, iunganishe na boksi moja kwa moja kwa waya, ipe laptopu anwani ya 192.168.1.20 na barakoa (subnet mask) ya 255.255.255.0, fungua 192.168.1.50 kwenye kivinjari, ingia, liambie boksi lipokee anwani kutoka kwa rauta. Rudisha nyaya mahali pake. Dakika kumi.

"Ni mimi tu nisiyeona"

Turudi Sinza. Nilimwambia kijana afungue dirisha la amri, aandike ipconfig, anisomee namba. Yake ilianza na 192.168.10. Ya mhariri wa video ilianza na 192.168.1. Nikamuuliza ameunganishwa na WiFi ipi. Akacheka mwenyewe. Jumamosi bosi alitengeneza WiFi ya wageni, akaibandika ukutani kwa ajili ya wateja wanaosubiri kuchagua picha. Kijana na dada wa mapokezi waliijaribu siku hiyo, na asubuhi laptopu zao zikajiunga nayo zenyewe. WiFi ya wageni inakupa intaneti lakini inakuficha kila kitu kilichomo ndani ya ofisi. Ndiyo kazi yake. Hakukuwa na kitu cha kutengeneza zaidi ya kuwarudisha kwenye WiFi ya wafanyakazi na kuwaambia kompyuta zao zisahau ile nyingine.

Ndugu wa kesi hii ni rauta ya pili iliyofungwa chumba cha nyuma ili kuongeza mawimbi. Ikifungwa kama rauta kamili, inaunda mtandao wake ndani ya mtandao. Aliye nyuma yake huweza kulifikia boksi kwa namba lakini haoni jina lake kwenye orodha, na kama rauta zote mbili zinatumia 192.168.1, halifikii kabisa. Igeuze iwe kituo cha kurushia WiFi tu. Na kwa simu, kabla ya yote, hakikisha haiko kwenye bando. Usicheke, imenitokea kwa mtu mwenye cheo.

Kisha kuna ile folda ya mtandao kwenye Windows inayoonyesha kompyuta za jirani. Ikiwa tupu watu hutangaza msiba. Orodha ile ni ya kubahatisha. Inategemea vifaa kupigiana kelele na kusikilizana, na Windows ikiwa imeuweka mtandao wako kwenye kundi la mitandao ya hadharani, kama wa hotelini, haisikilizi. Ubadilishe uwe wa faragha. Lakini mimi siitegemei orodha hiyo hata ikifanya kazi. Kwenye upau wa anwani wa dirisha la mafaili andika \\192.168.1.50 ubonyeze Enter. Mwenye Mac afungue Finder, abonyeze Command na K, aandike smb://192.168.1.50. Likifunguka kwa namba na likakataa kwa jina, tatizo ni jina tu. Liunganishe kama diski Z ukitumia namba, uendelee na kazi.

Kosa 0x80070035 linasema njia haikupatikana, nalo linaweza kuletwa na karibu yote niliyoyataja. Ukiona ping inajibu na kosa hilo bado lipo, shuku ukuta wa moto (firewall) kwenye kompyuta, au programu ya kuzuia virusi inayofunga mlango 445, au umri wa boksi.

Umri, ndiyo. Maboksi ya zamani yanajua SMB ya kwanza tu. Mei 2017 virusi vya WannaCry vilisambaa duniani kwa kupitia udhaifu kwenye SMB hiyo ya kwanza, na tangu mwishoni mwa mwaka huo Windows 10 inayowekwa upya haiji nayo, au huiondoa yenyewe isipotumika. Kisha Windows 11 toleo 24H2, lililotoka 2024, likaongeza masharti: linataka mazungumzo yawe na sahihi ya kidijitali, na kwenye matoleo ya kiofisi linakataa kuingia kama mgeni asiye na nenosiri. Ndiyo sababu kompyuta mpya inaletwa ofisini na ndiyo pekee isiyofungua boksi ambalo kompyuta kuukuu zote zinalifungua.

Utakutana na video nyingi zinazokufundisha kurudisha SMB ya kwanza, au kulegeza masharti ya Windows. Zinafanya kazi, na nazipinga. Unashusha ulinzi wa kompyuta mpya ili imfuate mzee wa miaka kumi na mitano. Ingia kwenye boksi, sasisha programu yake, weka kiwango cha chini kuwa SMB 2 na cha juu SMB 3, na mtengenezee kila mfanyakazi jina na nenosiri lake. Kama boksi halina uwezo huo, hamisha mafaili uanze kutafuta lingine.

"Linaniona lakini linanikatalia"

Ukiulizwa nenosiri, umefika mlangoni. Mtandao hauna kosa tena. Sababu ya kwanza ni kumbukumbu ya Windows. Nenosiri la boksi lilibadilishwa, kompyuta imehifadhi la zamani na inaendelea kulipeleka bila kukuuliza. Tafuta Credential Manager kwenye menyu ya kuanzia, futa mstari wenye anwani ya boksi, jaribu tena. Kuna maboksi yanayomfungia anayekosea mara kadhaa, kwa hiyo laptopu iliyosahaulika kwenye droo, ikiwa imewaka na ina nenosiri la zamani, inaweza kujifungia yenyewe asubuhi hadi jioni. Angalia orodha ya anwani zilizofungiwa kwenye ukurasa wa boksi.

Kosa 1219 lina tabia yake. Windows haikubali uzungumze na boksi moja kwa majina mawili kwa wakati mmoja. Umefungua folda ya picha kwa jina la studio, sasa unataka folda ya mishahara kwa jina la mhasibu: itagoma hata kama nenosiri ni sahihi. Andika net use * /delete kwenye dirisha la amri, ukubali, kisha ingia upya kwa jina moja lenye haki zote unazohitaji. Itakata diski zote za mtandao, kwa hiyo funga mafaili kwanza.

Ukiingia na kuona folda lakini huwezi kuhifadhi, hizo ni ruhusa. Maboksi mengi yana kufuli mbili: moja kwenye folda inayoshirikishwa na nyingine kwenye mafaili yenyewe ndani yake. Kali zaidi ndiyo inayoshinda. Na kama mtu yumo kwenye makundi mawili, moja limeruhusiwa na jingine limekatazwa waziwazi, katazo linashinda. Pale studio, msichana aliyehamishwa kutoka mapokezi kwenda uhariri alikaa wiki nzima akihifadhi kazi kwenye flashi kwa sababu hiyo. Hakuna aliyemtoa kwenye kundi la mapokezi.

"Linaburuza"

Haya ndiyo malalamiko ninayoyapenda, kwa kuwa namba husema ukweli. Chukua faili moja kubwa, gigabaiti mbili au tatu, la video. Linakili kutoka kwenye boksi hadi kwenye kompyuta, uangalie kasi ambayo Windows inakuonyesha.

Ikisimama kwenye megabaiti 110 hivi kwa sekunde, boksi na waya ni vizima. Huo ndio uwezo halisi wa mtandao wa gigabiti moja. Ikisimama kwenye 11 au 12 kana kwamba imegonga dari, unapita kwenye megabiti 100, na sehemu fulani njiani kuna kitu kimekushusha. Kwa kazi ya harusi yenye gigabaiti 20, hiyo ni tofauti kati ya dakika tatu na nusu saa nzima. Mhariri anayesubiri nusu saa hatakwambia kasi ni megabaiti 11. Atakwambia boksi limechoka, tununue jingine.

Sababu ya kwanza ni swichi. Igeuze usome lebo: ikiandikwa 10/100 bila 1000 nyuma yake, umempata. Sababu ya pili, ambayo wengi hawaifikirii, ni waya uliojeruhiwa nusu. Ndani ya waya wa mtandao kuna nyaya nane ndogo katika jozi nne. Kasi ya megabiti 100 inahitaji nne tu kati ya hizo, zile za pini 1, 2, 3 na 6. Gigabiti inahitaji zote nane. Kwa hiyo ukikata wa 4, 5, 7 au 8, mtandao haufi. Unashuka kimyakimya hadi 100, taa zinaendelea kuwaka, na hakuna anayejua.

Pale studio waya wa mhariri ulipita sakafuni, chini ya magurudumu ya kiti chake. Nilipouinua ulikuwa bapa kama utepe kwa urefu wa kiganja. Kwenye taarifa za kadi ya mtandao Windows ilionyesha 100. Nilipobadilisha waya ikaonyesha 1000 kabla sijaondoka chini ya meza. Shilingi elfu chache.

Ila angalia unachonunua. Madukani kuna nyaya zinazouzwa kama Cat6 ambazo ndani ni alumini iliyopakwa shaba. Kwangua ncha kwa wembe: ikiwa nyeupe chini ya rangi ya shaba, rudisha. Kwa mita mbili utapona, kwa mita 40 kupitia dari yenye joto la Dar es Salaam utanipigia simu. Hukatika kwa kukunjwa tu, na pini za plagi haziishiki vizuri.

Kasi ikiwa inacheza, mara 30, mara 6, mara 18, huyo yuko kwenye WiFi. WiFi ni hewa ya pamoja. Simu zote za studio na za wateja zinaigombania, na mawimbi ya 2.4 GHz yanagombaniwa pia na jirani wa juu na jirani wa chini. Anayehariri video avutiwe waya. Mhasibu anayefungua jedwali moja abaki hewani.

Faili kubwa likienda kwa 110 lakini folda ya vijifaili 4,000 ikatambaa, hakuna ugonjwa. Kila faili lina salamu zake: fungua, kagua ruhusa, andika, funga. Salamu 4,000 zinachukua muda kuliko mzigo. Fungasha folda kuwa faili moja la zip kabla ya kuipeleka.

Na kama ni polepole saa fulani tu, tazama boksi lenyewe linafanya nini saa hizo. Linatengeneza vijipicha vya kuonyesha mafaili, linakagua diski, linapeleka nakala kwenye wingu. Kazi hizo hupangwa usiku, na hapa kwetu kuna tatizo ambalo mwongozo wa kiwandani haulijui: ofisi nyingi huzima swichi kuu ya umeme wakifunga. Kazi ya saa nane usiku haifanyiki kamwe, au inajaribu kufanyika asubuhi wakati kila mtu anafungua kompyuta. Ama boksi liachiwe umeme wake, ama ratiba ihamie saa ya chakula cha mchana.

"Linasema faili linatumiwa na mtu mwingine"

Kwa kawaida ni kweli. Mtu amelifungua akaenda kula, laptopu imelala. Word na Excel huacha kijifaili kilichofichwa kinachoanza na ~$, chenye jina la aliyelifungua. Ukurasa wa boksi pia unaonyesha nani ameshika nini, na unaweza kumwachisha. Mpigie kwanza, asilolihifadhi litapotea.

Jambo moja nasisitiza: faili la hifadhidata, kama la Access au la programu ya mahesabu ya zamani, lisifunguliwe na watu watatu kupitia WiFi. Mawimbi yakikatika sekunde mbili katikati ya kuandika, faili linaweza kuharibika lote.

"Tumefuta lakini nafasi hairudi"

Kwenye maboksi mengi kuna pipa la taka ndani ya folda za boksi, tofauti na lile la Windows. Lisafishe. Kisha kuna picha za wakati uliopita (snapshots) ambazo boksi hujipigia ili uweze kurudisha faili lililofutwa. Ulichokifuta leo bado kimo kwenye picha ya jana, nafasi haitarudi mpaka picha hiyo izeeke. Usizifute zote kwa hasira. Siku virusi vikifunga mafaili ya ofisi, huenda hizo ndizo zitakazokuokoa.

Na anayeuliza kwa nini alinunua diski mbili za terabaiti 4 akaona 3.6: mpangilio ni wa RAID 1, diski moja ni kioo cha nyingine, kwa hiyo unahesabu moja. Mabaki yaliyopotea hayajaibwa, muuzaji anahesabu kwa elfu, Windows inahesabu kwa 1,024.

"Nikiwa nyumbani silipati"

Anwani za 192.168 haziishi nje ya ofisi. Ushauri wa haraka utakaopewa ni kufungua milango kwenye rauta. Kwanza, mara nyingi haitafanya kazi: angalia kwenye rauta anwani iliyopewa upande wa intaneti, ikiwa inaanzia 100.64 hadi 100.127, au inaanza na 10, mtoa huduma amekuweka nyuma ya anwani ya pamoja na wateja wengine, na mlango utakaoufungua hauelekei barabarani. Hali hii imejaa kwenye intaneti ya laini za simu.

Pili, ikifanya kazi ni hatari. Januari 2022 virusi vya DeadBolt vilifunga mafaili kwenye NAS za QNAP zilizokuwa wazi kwenye intaneti, kila mwenye boksi akidaiwa bitcoin 0.03. Wavamizi hawakuhitaji mtu abonyeze kiungo chochote. Tumia njia ya siri ya kuingilia mtandao wa ofisi (VPN): Tailscale, ambayo hupita hata nyuma ya anwani ya pamoja, au WireGuard kama una anwani yako mwenyewe. Na usitarajie 110 ukiwa nyumbani. Kasi yako ni ile ambayo intaneti ya ofisi inaweza kupandisha.

"Linalia, na taa moja imegeuka rangi"

Sasa tumefika kwenye diski. Diski moja ya RAID 1 ikifa, kazi inaendelea, na hapo ndipo hatari ilipo. Watu huzoea mlio, au huuzima, wakakaa miezi wakitembea kwa mguu mmoja.

Kabla ya kugusa, nakili vitu vya thamani kwenda kwenye diski ya nje. RAID inakulinda dhidi ya diski kufa. Dhidi ya aliyefuta folda, virusi, moto au mwizi haifanyi chochote, kwa sababu kosa linaandikwa kwenye diski zote mbili papo hapo. Ikiwa diski ya nje ni ya FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga mafaili, haitapokea faili linalofika gigabaiti 4, kwa hiyo video zitagoma. Iandae upya kwa exFAT, baada ya kuhakikisha haina kitu.

Kisha fungua taarifa za SMART, ripoti ya afya ambayo diski hujiandikia. Namba 5 na 197 zikiwa zinapanda, diski inaoza, andaa nyingine. Namba 199 ikipanda peke yake, mara nyingi ni mguso mbaya kati ya diski na tundu lake, si diski yenyewe. Diski mpya isiwe ndogo kuliko iliyobaki, na iwe ya aina inayotengenezwa kwa NAS. Kujijenga upya huchukua saa nyingi, na katika saa hizo diski iliyobaki inafanya kazi kuliko ilivyowahi kufanya. Umeme usikatike: weka UPS (betri ya akiba) yenye waya wa USB kwenda kwenye boksi, ili betri ikikaribia kuisha boksi lijizime lenyewe kwa adabu.

Usiichomeke diski ya boksi kwenye kompyuta ya Windows "ili kuona". Windows haisomi mfumo wa mafaili wa Linux. Itakwambia diski haijaandaliwa na kukuuliza iiandae, na anayekubali amefuta harusi za miaka mitatu.

Kosa ambalo nimelikuta mara mbili, ofisi tofauti, ni kuchomoa diski iliyo nzima na kuiacha ile mbovu. Ukurasa wa boksi unasema diski ya 2 imekufa. Mtu anahesabu kutoka kulia, boksi linahesabu kutoka kushoto. Linganisha namba ya mfululizo iliyo kwenye ukurasa na iliyobandikwa kwenye diski, kwa macho yako. Pale Sinza nilikata utepe wa karatasi vipande viwili, nikaandika kwa kalamu nene 1 na 2 pamoja na tarakimu nne za mwisho za kila diski, nikabandika mbele ya boksi, juu ya kila tundu.